Mcheza Kwao Hutunzwa

Desemba ya mwaka 2023 mjukuu wangu, mtoto wa miaka 10, alikuja na mama yake kutoka Uingereza kutusalimu hapa Kyela. Katika mizigo yao kulikuwa na kitu kimoja ambacho mtoto hakukubali kumwachia mtu tangu uwanja wa ndege wa Songwe hadi mlangoni petu: kimashine cha kuchezea michezo ya televisheni, kiitwacho Nintendo Switch. Siku ya pili ya kufika kwao mvua ikaanza. Wanaoijua Kyela wanajua maana ya maneno hayo. Mvua yetu haipiti njia, huja kukaa. Migomba ikainama, njia ya kwenda kwenye mashamba ya mpunga ikageuka mfereji, na mtoto akafungiwa ndani. Mimi mstaafu nikafungiwa pamoja naye.

Niseme kweli, michezo ile sikuipenda. Nilifundisha shule kwa miaka 37, na katika miaka yangu ya mwisho kazini kibanda cha gemu kilikuwa adui aliyejenga karibu na lango letu. Mwanafunzi aliyetumwa kununua daftari ungemkuta humo, macho yameganda kwenye kioo, fedha ya daftari imekwisha. Lakini babu hana ubavu wa kumfukuza mjukuu aliyevuka bahari kuja kumwona. Nikavuta kiti, nikakaa, nikatazama.

Mchezo alioupenda kuliko yote unaitwa Super Smash Bros. Ultimate, uliotoka mwaka 2018. Ni mchezo wa kupigana, lakini wanaopigana hawakuzaliwa humo. Ni wahusika waliotoka katika michezo mingine, kila mmoja na kwao: Mario fundi bomba mwenye sharubu, Link mwenye upanga, Donkey Kong yule sokwe, Pikachu panya wa umeme. Fikiria, msomaji, Sungura, Abunuwasi na Fumo Liongo wametolewa kila mmoja katika hadithi yake, wakakutanishwa katika uwanja mmoja wapimane nguvu. Ndivyo ulivyo. Na mshindi si yule anayeua, bali yule anayemrusha mwenzake nje ya uwanja.

Katikati ya vurugu hiyo huanguka mara kwa mara mpira mdogo, nusu mwekundu, nusu mweupe. Ndani yake mna kiumbe mmoja wa jamii ya Pokémon, naye atamsaidia yule aliyeuokota mpira na kuutupa. Ila hujui ni kiumbe gani mpaka umeshautupa. Yumo Snorlax, mnene ajabu, ambaye huruka juu na kushuka akiwafagia wote waliopo. Yumo Entei, ambaye huwasha nguzo ya moto. Kwa hiyo mpira ukishatupwa, wapinzani hukimbia kwanza, ndipo wageuke kutazama wamekimbia nini.

Mjukuu wangu akautupa mpira. Wapinzani wakatawanyika. Akatoka samaki.

Alikuwa samaki mweupe mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, mapezi yake marefu kama kanga iliyoanikwa penye upepo, na pembe moja juu ya paji la uso. Akalala ubavu. Akarukaruka pale pale alipo, pa, pa, pa, asimguse mtu, asimtishe mtu. Kisha akatoweka, na vita vikaendelea kama vile hakuwahi kuwapo.

Nilicheka mpaka ikabidi nivue miwani. Nikasema, “Na huyu naye aliitwa kuja kufanya nini?”

Mtoto hakucheka. Bila kuondoa macho kwenye televisheni akanijibu, “Anaitwa Goldeen, Babu. Wamemweka nchi kavu.”

Kicheko kilinikwama kooni, na sababu yake nitaieleza. Lakini kwanza nieleze niliyojifunza juu ya samaki huyu, maana mvua ile ilinyesha siku tatu, na mjukuu wangu ni mwalimu mvumilivu kuliko nilivyokuwa mimi.

Goldeen kwao ni katika michezo ya Pokémon, ambayo ya kwanza ilitoka Japani mwezi Februari mwaka 1996. Katika orodha ya viumbe 151 wa mwanzo yeye ni wa 118. Jina lake la Kijapani ni Tosakinto, jina linalomkumbusha mtu tosakin, aina ya samaki wa dhahabu wanaofugwa tangu zamani upande wa Tosa, katika kisiwa cha Shikoku. Huko kwao si wa kuchekwa. Wanamsifu kwa uzuri wa mkia wake, hata wamempa cheo cha malkia wa maji. Pembe yake ni silaha. Akikua vya kutosha hujifunza pigo liitwalo Maporomoko, na baadaye pigo jingine la pembe ambalo, likimpata adui, humaliza vita kwa mara moja. Akifika ngazi ya 33 aweza kugeuka kuwa Seaking, samaki mkubwa zaidi, ambaye inasimuliwa kwamba majira ya kutaga mayai huonekana akiikwea mito kwa nguvu.

Niliposikia hilo nilisimama kwenye kiti. Nikamwambia mtoto, “Huyo ni mbasa!” Maana mbasa wetu wa Ziwa Nyasa hufanya hivyo hivyo. Huishi ziwani, lakini mvua zikijaza mito huacha maji makuu na kuingia katika Kiwira, Mbaka au Lufilyo, akapanda dhidi ya mkondo hadi mahali penye changarawe, akatage huko. Mwenye kumwona akipanda hawezi kumwita mnyonge.

Sasa sikiliza yaliyompata Goldeen alipoanza kualikwa katika mchezo wa wageni. Super Smash Bros. ya kwanza ilitoka mwaka 1999, na mipira yake ilikuwa na viumbe 13 tu. Yeye alikuwa mmoja wao. Ikaja ya pili mwaka 2001, naye yumo. Ya tatu mwaka 2008, yumo. Ya nne mwaka 2014, yumo. Ya tano ndiyo hii ya mwaka 2018, ambayo mipira yake ina viumbe zaidi ya 50, na yeye bado yumo. Wengine wameingia na kutoka, wengine wamepandishwa cheo wakawa wapiganaji kamili. Yeye mara zote tano kazi yake ni ile ile, kulala ubavu na kurukaruka. Tangu mwaka 2014 kuna mpira mwingine, wa zambarau, unaotunza viumbe wakubwa wa hadithi ambao kila mchezaji anawaogopa. Humo nao wamemtia Goldeen, ili mtu atetemeke bure.

Na jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Kule kurukaruka si kwake. Katika michezo ya Pokémon pigo hilo lisilo na madhara linajulikana kuwa la samaki mwingine, Magikarp, ambaye amekuwa mfano wa unyonge kwa wote wanaoijua michezo hiyo. Katika mchezo wake wa mwaka 1996 Goldeen hajifunzi kurukaruka hata akikua namna gani. Waliomwalika ndio waliomwachisha pembe mlangoni, wakamvika udhaifu wa mwingine, wakamsukuma mbele ya watu.

Basi nirudi kwenye kicheko changu.

Mwaka 1997 nilikuwa nikifundisha Dar es Salaam, na binti yangu wa kwanza alikuwa anaolewa. Tulifanya sherehe ya kumuaga katika ukumbi, kama ilivyokuwa imeanza kuwa desturi: meza zenye vitambaa vyeupe, keki, mshereheshaji, na ratiba iliyopigwa chapa. Kaka yangu mkubwa alisafiri kwa basi kutoka Kyela kuja kusimama kama baba mkubwa wa binti. Alikuwa mvuvi wa Matema. Shule aliiacha darasa la nne ili mimi niendelee, kwa kuwa ada haikutosha watu wawili. Nilimwazima suti na viatu vyangu. Suti ilimkaa vizuri. Viatu vilikuwa vikubwa kidogo.

Katika ratiba jina lake liliandikwa kwa nasaha za wazee, dakika tano. Niliyeliandika ni mimi. Sikumwuliza. Nilidhani ni heshima.

Mshereheshaji alipomwita alikwenda mbele, akakipokea kipaza sauti, akakitazama kama mtu aliyepewa chombo asichojua kinashikwa upande gani. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, akaufunga. Taa za mpiga picha za video zilikuwa usoni pake. Mshereheshaji, ambaye kazi yake ni kuchangamsha watu, akasema, “Baba mkubwa, hapa si ziwani, samaki hawatakimbia!” Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Nikamwinamia mwalimu mwenzangu niliyeketi naye, nikamwambia, “Ndugu zetu wa ziwani hao. Mpe kasia, usimpe kipaza sauti.”

Kaka alikuwa anarudi kukaa kwake, na njia ilipita nyuma ya kiti changu. Niliona viatu vyangu vikisimama hapo chini, kando ya mguu wa kiti. Vilisimama kwa muda wa kuvuta pumzi moja, kisha vikaendelea.

Hakuniambia neno. Asubuhi alivipiga rangi viatu, akaviweka mlangoni pa chumba changu vikiwa sambamba, akapanda basi.

Likizo ya mwezi Juni mwaka 1998 nilikuja Kyela. Kaka alinialika nifuatane naye hadi Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, ambako alikuwa na mtu wa kumdai. Wakati huo kutoka Matema kwenda Ikombe hakukuwa na njia ya gari. Milima ya Livingstone inashuka wima hadi majini, na msafiri alichagua miguu au mtumbwi. Tulikwenda kwa mtumbwi, yeye, kijana wake na mimi. Tulipokuwa tunarudi upepo wa kusini ukaamka. Kati ya Mei na Agosti upepo huo hulipitia ziwa lote kwa urefu wake kabla ya kufika kwetu kaskazini, na mawimbi unayoyaleta si ya ziwa, ni ya bahari.

Sikuwa na la kufanya. Nililala ubavu chini ya mtumbwi, katika maji yaliyoingia, pamoja na vyungu viwili tulivyonunua, nikatapika hadi nikabaki natapika hewa. Kila wimbi lilipotupiga nilirushwa juu na kushushwa. Huku nyuma nilimsikia kaka. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Alimwelekeza kijana, alilitaja wimbi kabla halijafika, alisema lipi tulipande na lipi tulikwepe, alitania, aliimba. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko upepo. Asingehitaji kipaza sauti.

Tulipofika mchangani alinishika mkono akaniinua. Alisema, “Pole, mdogo wangu,” wala hakuongeza kitu. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kumwomba radhi, tena nafasi iliyoandaliwa na Mungu mwenyewe, na sikuitumia. Nilijiambia labda siku ile hakusikia. Kaka alifariki mwaka 2009. Kwa miaka yote kati ya hapo tulikaa vizuri, tukacheka, tukala pamoja, na neno lile likabaki kati yetu kama jiwe chini ya maji, ambalo kila mwenye mtumbwi hulijua na kulizunguka.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Nimeifundisha methali hiyo darasani mara nyingi, nikiieleza kwa upande mmoja tu, kwamba mtu asiache kwao. Nilimtazama samaki yule siku tatu ndipo nikaona upande wa pili, ambao unatuhusu sisi wenyeji wa sherehe. Ikiwa mcheza kwao hutunzwa, basi anayemtoa mtu kwao na kumchezesha asipopajua ana deni kwake. Mgeni anaposhindwa uwanjani, swali la kwanza si kwamba ana uwezo gani. Swali la kwanza ni nani aliyemtia ndani ya mpira. Mshereheshaji alitania tu, wageni walicheka kwa kuwa walichekeshwa. Aliyeliandika jina la kaka katika ratiba ni mimi, niliyelijua ziwa lake.

Wako watu wanaopenda kumtetea mnyonge kwa kusema, mngoje, siku moja atageuka. Hata katika michezo hiyo wanalo fundisho hilo: Magikarp, yule asiyejua chochote, akivumilia hadi ngazi ya 20 hugeuka Gyarados, joka la kutisha. Hadithi nzuri, na nimewahi kuwapa wanafunzi zinazofanana nayo. Lakini Goldeen hana haja ya faraja hiyo, wala kaka hakuwa nayo. Hawakupungukiwa kitu ambacho kingekuja baadaye. Walipungukiwa maji.

Siku ya nne jua lilitoka, nasi tukaenda Matema. Mtoto wa kaka, yule aliyekuwa kijana mtumbwini mwaka 1998, sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu wawili, na mtumbwi ni wake. Tulimkuta ametoka majini asubuhi ile. Wazee wa pale hulalamika kwamba mbasa wamekuwa adimu, kwa kuwa watu huwategea nyavu midomoni mwa mito wakati wanapopanda kutaga, lakini siku hiyo alikuwa amempata mmoja, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Alikuwa bado hai. Alilala ubavu chini ya mtumbwi, akarukaruka, pa, pa, pa. Mjukuu wangu alichuchumaa akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaninong'oneza, “Babu, ni Goldeen.”

Nikaona kama sikusema siku hiyo nisingesema tena. Nikamwambia mtoto wa kaka, “Mwanangu, kuna jambo nililomfanyia baba yako Dar es Salaam, kwenye sherehe ya dada yako.”

Hakuniacha nimalize. “Ya kipaza sauti? Baba mdogo, hiyo tunaijua wote! Baba alikuwa akiisimulia kila tunapokaa kutengeneza nyavu. Alikuwa anashika mwiko wa ugali namna hii, anafungua mdomo, anaufunga, anaufungua. Tulikuwa tunacheka mpaka mama anakuja kututuliza. Halafu ndipo anakuja sehemu ya pili.”

“Sehemu gani ya pili?”

Aliona haya kidogo, maana mimi ni baba yake. Kisha akajilaza ubavu mchangani, akashika tumbo, akafumba macho, akaanza kurukaruka na kutapika hewa. Nilijitambua mara moja. Mjukuu wangu, ambaye hakumcheka Goldeen, alicheka hadi akaketi chini. Nami nikacheka, na nadhani ilikuwa haki.

Alipoinuka akijipangusa mchanga nikamwuliza, “Na yale maneno niliyoyasema mimi pale ukumbini, alikuwa anayasimuliaje?”

Akanitazama. “Maneno gani, Baba mdogo?”

Miaka 12, kati ya sherehe ile na kifo chake, aliisimulia hadithi hiyo kwa watoto wake, akajiigiza yeye, akaniigiza mimi, na sehemu moja akaiacha nje kila mara. Basi nikaisema mwenyewe, mbele ya mjukuu wangu, neno kwa neno, pamoja na habari za viatu.

Alinyamaza. Alitazama ziwa, kisha akainama akamchukua yule mbasa, ambaye sasa alikuwa ametulia, akamfunga katika jani la mgomba na kumkabidhi mtoto kwa mikono miwili. Nilipotoa fedha aliusukuma mkono wangu taratibu.

“Mpelekeeni mama nyumbani,” alisema. “Mwambieni ametoka kwa baba.”

Nikamjibu kwa lugha yetu, “Ndaga fijo,” na sauti yangu haikutoka vizuri. Mdomo ulifunguka na kufunga mara mbili kabla ya neno kupita. Hakuna aliyecheka.